Kamusi wa Matarumbeta: Maisha ya Kaka Yetu Aliyeogopa Kusahau

Jamaa zetu, majirani, wenzake wa karakana ya mabasi, nanyi wa Kikao cha Jumamosi: mmefika, tunashukuru. Mimi ni mdogo wake marehemu, mkunga mstaafu, yule aliyekuwa akimwita Kitinda. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Nimeyaandika mara tatu. Mara mbili za kwanza niliweka mambo mazuri matupu. Wifi yangu akasoma, akavua miwani, akasema, "Wifi, huyu si mume wangu. Mume wangu alikuwa mwoga. Mwandike alivyo." Basi hii ni ile ya tatu, na sauti yangu ikikatika mnivumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba namba tisa ya wafanyakazi wa reli, ile safu ya matofali meusi kwa moshi nyuma ya kituo cha treni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Wawili wa katikati walifariki wangali wachanga, tukabaki yeye na mimi, na miaka sita kati yetu. Baba yetu alikuwa mshika bendera wa reli: kijani treni ipite, nyekundu isimame. Mama alifua mashuka ya hospitali. Marehemu alipofika miaka minne alikuwa anaijua ratiba ya treni zote za mchana, na baba alimsimamisha juu ya kreti mbele ya abiria ili aitaje yote bila kupumua. Abiria walicheka, baba akajigamba kwamba kichwa cha mwanawe ni sanduku lenye kufuli.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 na kumaliza mwaka 1964, wa kwanza darasani mara tano. Akaendelea na sekondari. Alikuwa kidato cha pili, mwaka 1966, baba alipoanza kupotea akiwa humo humo ndani ya nyumba. Baba alikuwa na miaka hamsini na miwili tu. Mwanzo yalikuwa mambo ya kuchekesha: chumvi kwenye chai, kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili. Halafu asubuhi moja mkuu wa kituo alimleta nyumbani mwenyewe, kamshika mkono, akamwambia mama pale mlangoni, "Mama, mzee amenyanyua bendera zote mbili kwa pamoja. Dereva aliwahi kushika breki, la sivyo tungekuwa tunazungumza mengine. Hatuwezi tena."

Lipo jambo la mwaka uliofuata ambalo nililiona kwa macho yangu nikiwa chini ya meza, na marehemu hakupenda litajwe. Leo nalitaja. Alirudi kutoka shule, akamkuta baba sebuleni.

"We nani?" baba akauliza.

"Mimi mwanao, baba."

"Mwanangu ni mdogo. Wewe ni mtu mzima. Mmemweka wapi mwanangu?"

Akachukua pasi ya chuma iliyokuwa mezani. Niliona miguu ya kaka yangu ikirudi nyuma, hatua moja moja, mpaka ikavuka kizingiti. Mama akapiga kelele, "Mwanao huyo! Mwanao!" lakini baba alifunga mlango kwa komeo. Kaka alibaki nje akitaja jina lake mwenyewe, kwa sauti ya chini, tena na tena, kama mtu anayebembeleza mlango ufunguke. Alikaa nje mpaka baba alipolala.

Jumamosi tarehe 3 Agosti 1968 baba alitoka nyumbani akiwa amevaa sare yake ya kazi, akatoweka. Tulimtafuta siku mbili. Jumatatu asubuhi marehemu, akiwa na miaka kumi na saba, alipanda behewa bovu lililoachwa mwisho wa reli ya akiba, akamkuta humo. Baba alikuwa ameshafariki. Kwa miaka arobaini nilimwuliza kaka alichokiona, na kwa miaka arobaini alinijibu jambo moja: "Alikuwa amekaa."

Watu walipokuja kutupa pole, shangazi yetu mkubwa, Mungu amsamehe, alisema mbele yetu watoto, "Hata babu yao aliondoka hivi hivi. Huu ugonjwa uko kwenye damu. Unamchagua mmoja mmoja." Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, sikuelewa. Kaka alielewa. Nilimwona akiweka kikombe chake chini polepole, akakitazama, kana kwamba anahakikisha bado anakijua jina.

Januari 1969 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea utunzaji wa mitambo na vipuri. Bwenini alikuwapo kijana mwenye gramafoni ya kubeba mkononi na santuri tatu, na mojawapo ilikuwa ya bendi ya roki, lakini roki ya namna ambayo marehemu hakuwa ameisikia: magitaa ya umeme, ngoma, na nyuma yake tarumbeta mbili, tromboni na saksafoni zikiingia kwa pamoja kama mlango uliopigwa teke. Jina halisi la bendi lilikuwa gumu kwa ndimi zao, wakaibatiza Mapafu Manne kwa ajili ya wale wapulizaji wanne. Marehemu aliomba jalada, akaligeuza, akasoma majina yote ya nyuma: wanamuziki, fundi mitambo, mpiga picha, hata aliyeandaa chai ya studio. Asubuhi yake, kabla hajanawa uso, aliyataja yote bila kutazama.

Likizo alipokuja nyumbani alinivuta pembeni ya uzio akanitajia majina yale mpaka mwisho. Nikamwuliza, "Sasa hayo ya nini?"

"Nikiamka na yapo yote, Kitinda, ujue bado nipo."

Hapo ndipo ulipoanzia ule ujuzi mliokuwa mkiushangaa. Kwa miaka arobaini na zaidi, kila alfajiri, kabla hajaongea na mtu, alijipima kwa bendi moja yenye matarumbeta. Jumatatu hii, Jumanne ile. Alinunua santuri nyingine ili awe na majina mengine, na majina yakamfanya aupende muziki wenyewe, mpaka asingeweza kueleza tena kipi kilikuwa mapenzi na kipi kilikuwa woga. Wifi yangu anasema alikaa kwenye ndoa mwaka mzima akidhani mumewe anasali kwa lugha ya kigeni.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa karakana kuu ya mabasi kama msaidizi wa stoo, na mwaka 1977 akakabidhiwa stoo nzima: rafu kumi na sita, vipuri zaidi ya elfu tatu, kila kimoja na namba yake. Mafundi walimpa jina la Kamusi. Mchezo wao ulikuwa kumfunga macho kwa kitambaa, kumwekea mkononi kipande kilichojaa grisi, naye akataja ni cha gari gani, kinakaa rafu ya ngapi, na mara ya mwisho kilitoka lini. Siku moja walimwekea kipande cha muhogo mbichi kilichopakwa mafuta. Akakipapasa, akafikiri, akasema, "Hiki ni cha gari lako, msimamizi. Ndiyo maana halipandi kilima." Karakana nzima ililala chini kwa kicheko.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 1 Desemba 1979 na opereta wa simu wa kampuni hiyo hiyo ya mabasi. Lakini wiki tatu kabla ya kwenda kujitambulisha kwao, alimkalisha kwenye benchi nje ya chumba cha simu, wakati wa mapumziko ya mchana, akamweleza habari ya baba, ya babu, ya pasi na ya behewa. Akamaliza kwa kusema, "Ukitaka kuondoka, ondoka sasa. Sitakulaumu hata kidogo."

Wifi yangu akamjibu, "Kazi yangu ni kuwaunganisha watu laini ikikatika. Ikikatika yako, nitaendelea kupiga."

Marehemu hakucheka. Alimwuliza, "Na watoto je?" Wifi akasema watapata. Wakapata watatu: binti mwaka 1981, mwana wa kiume mwaka 1984, na binti wa mwisho mwaka 1990. Aliwapenda kupita kiasi, na aliwaogopea kupita kiasi. Mtoto akisahau daftari shuleni, baba wengine walicheka au walifoka, yeye aliduwaa. Mwanawe anakumbuka kwamba akiwa na miaka saba alisahau sweta mara mbili katika wiki moja, na baba yake alimkalisha kitandani, akamwuliza taratibu majina ya majirani wote, mlango kwa mlango. Mtoto alidhani ni mchezo, akataja kwa furaha. Baba yake akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Kikao cha Jumamosi kilianza mwaka 1988 katika chumba cha nyuma cha Fundi Cherehani, aliyekuwa na gramafoni nzuri kuliko yeyote mtaani na meza pana ya kukatia vitambaa. Waliofika bila kukosa walikuwa wanne: Fundi, marehemu, Mwalimu wa Hesabu, na Sista, nesi wa wodi ya wanaume, ambaye alisema anapenda tromboni kwa sababu inalia kama mgonjwa anayejua haki zake. Walikutana saa tisa alasiri. Waliweka santuri za zile bendi za roki zenye vyombo vya kupulizwa, wakaulizana nani alipiga wapi, nani alifukuzwa kwa ulevi, nani alirudi, jalada gani lilipigwa picha mara mbili. Sheria ilikuwa moja: hairuhusiwi kugeuza jalada kabla ya kujibu. Na mgeni yeyote lazima aseme alikuwa wapi alipozisikia tarumbeta zile mara ya kwanza. Fundi alikuwa anampima bwana harusi suruali, akamchoma pini. Sista alizisikia kupitia redio ya mgonjwa aliyekataa kuzima hata akidungwa sindano.

Walibishana miaka kumi na mmoja juu ya kikohozi kimoja. Kwenye santuri ya pili ya Mapafu Manne, wimbo wa tatu, kabla tarumbeta haijaingia peke yake, kuna mtu anakohoa. Mwalimu alishikilia kwamba ni mpiga tarumbeta. Marehemu akasema haiwezekani: "Anayekaribia kupuliza hawezi kukohoa, pumzi yake ameshaiweka akiba. Huyo ni wa saksafoni, amemaliza zamu yake." Mwisho Sista, kwa mamlaka ya wodi, alitamka kwamba kikohozi kile ni cha mtu aliyevuta sigara miaka ishirini, watafute kwenye picha nani anavuta. Wakaleta kioo cha kukuzia. Kati ya wanne, watatu walikuwa na sigara mkononi. Kesi ikaahirishwa.

Katika miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja wao aliyejua kwa nini Kamusi, akichelewa kujibu kwa sekunde mbili tu, alitoka jasho.

Ndugu zangu, sasa nafika Ijumaa tarehe 11 Septemba 2009. Marehemu alikuwa na miaka hamsini na minane. Saa mbili asubuhi fundi mmoja aliomba mipira ya silinda ya breki kwa ajili ya basi la safari ndefu. Marehemu alimpa kama alivyowapa maelfu, bila kutazama namba. Dakika arobaini baadaye, akipita kwenye rafu ya saba, aliona nafasi tupu mahali ambapo hapakupaswa kuwa tupu. Alikuwa ametoa mipira ya gari jingine, inayofanana kwa rangi na kwa sura, pungufu kidogo kwa unene. Basi lilikuwa limeshashushwa kwenye jeki, limeshapakia abiria hamsini na wawili, linaelekea getini.

Alikimbia. Mlinzi anasema hakuwahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Akasimama katikati ya geti, mikono imetanuliwa, basi likasimama likiwa limebakiza urefu wa mkono.

Dereva, yule mnayemwita Babu Honi, akatoa kichwa dirishani. "Kamusi, una wazimu? Nikukanyage?"

"Zima gari. Teremsha watu."

"Nimechelewa tayari!"

"Teremsha watu, nakuomba!"

Wakafungua gurudumu. Mipira ilikuwa imeanza kuvuja. Hakuna aliyeumia, na nataka wote waliofika hapa walijue hilo: hakuna aliyeumia. Msimamizi wa zamu alimvuta ofisini, akafunga mlango, akamwambia bado miaka miwili astaafu, jambo limeisha salama, walinyamaze. Marehemu akasema, "Leo nimekumbuka baada ya dakika arobaini. Siku nikikumbuka baada ya saa moja?" Akaandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe 30 mwezi huo alikabidhi funguo.

Lakini kabla ya barua, siku ile ile, alikuja kwangu. Nilikuwa naanika nguo. Alisimama kwenye lango dogo la uani, ana grisi mpaka kwenye kola, akaniambia, "Kitinda, imefika."

Sikumwuliza nini. Nilishusha beseni. Nimezalisha wanawake kwa miaka thelathini, nimeona damu ya kila namna, lakini siku ile niliacha nguo mbichi kwenye beseni.

Daktari wa mishipa ya fahamu alimpokea Februari 2010. Alimpa karatasi, akamwambia achore uso wa saa. Marehemu, aliyeijua ratiba ya treni akiwa na miaka minne, alichora duara zuri, kisha akaziweka namba zote kumi na mbili upande mmoja. Akaitazama kazi yake. Alijua kuna kosa, hakujua liko wapi. Akamgeukia mkewe akasema polepole, "Mama watoto, imekataa."

Aliporudi kwenye Kikao, wenzake walikuwa wameshasikia. Wakafanya kile ambacho watu wema hufanya: wakaanza kumwuliza maswali mepesi. Mwalimu alimwuliza mpiga ngoma wa Mapafu Manne ni nani, swali la mtoto mchanga. Fundi alijifanya kukosea ili Kamusi amsahihishe. Mambo yakaenda hivyo wiki tano. Wiki ya sita aliinuka akapiga meza ya vitambaa kwa kiganja, mkasi ukaruka.

"Mnanidanganya."

"Kaka, kaa chini," Sista akasema.

"Sikai. Mnaniuliza vya chekechea halafu mnapiga makofi. Mimi naogopa, mnasikia? Naogopa tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Nyumbani hakuna anayeweza kuniambia ukweli kwa sababu wananipenda. Ninyi niambieni. Nikikosa, semeni nimekosa. Nisipoambiwa, nitajuaje nimefika wapi?"

Akawasimulia kila kitu, mpaka behewa. Fundi ndiye aliyeniambia kwamba baada ya hapo hakuna aliyeweka santuri siku ile. Kisha Mwalimu akachukua daftari jipya, akamwuliza swali gumu kweli, marehemu akakosa, na Mwalimu akasema, "Umekosa." Marehemu akamshukuru.

Daftari lile ninalo. Mwalimu aliandika kila Jumamosi kilichobaki na kilichoondoka. Waliondoka kwanza wapiga picha na mafundi mitambo. Mwaka 2013 zikaondoka bendi nzima nzima. Ukisoma ukurasa kwa ukurasa unahisi kama unasikia taa zikizimwa chumba kimoja kimoja katika nyumba ambayo bado ina mtu ndani. Mara mbili nimejaribu kulimaliza nimeshindwa. Mahali pamoja, mwaka 2014, Mwalimu ameandika: "Leo ameniuliza mimi ni nani, kisha akacheka akasema ananitania. Hakuwa anatania."

Alhamisi tarehe 8 Septemba 2016, saa nne asubuhi, alitoka. Binti wa mwisho alikuwa amekwenda bafuni dakika tano, komeo la mlango halikuingia vizuri. Wifi alinipigia simu, na alipotamka tu "Wifi," nikajua. Mimi nilikwenda moja kwa moja relini. Sikuwaza, miguu ndiyo iliyonipeleka. Yale mabehewa mabovu yapo mpaka leo, mengine tu, kutu mpya. Nilipanda moja moja, mwanamke wa miaka karibu sitini, nikishika vyuma kwa mikono miwili, na kila nilipoingiza kichwa gizani nilikuwa naomba nisione mtu amekaa. Nilipanda saba. Kwenye la saba simu ikalia. Alikuwa Sista. "Yuko karakana. Njoo upesi. Anasimamisha mabasi."

Nilimkuta getini, amevaa pajama, mikono imetanuliwa. Madereva vijana walikuwa wanapiga honi na kutukana, wasimjue. Mlinzi mpya alikuwa ameshika rungu. Kaka yangu alikuwa analia kwa woga, uso wote umelowa, na anapiga kelele, "Teremsha watu! Teremsha watu!" Kwake yeye ilikuwa bado ile Ijumaa, na safari hii hakuna aliyemsikiliza.

Basi la tatu kwenye foleni lilikuwa la Babu Honi, aliyekuwa na miezi minne tu astaafu. Akashuka, akamwangalia. Akapanda tena garini, nikamsikia akiwaambia abiria wake, "Jamani, tuteremke kidogo. Kuna ukaguzi." Watu wakanung'unika, mama mmoja akasema ana mgonjwa hospitalini, lakini wakashuka wote na mizigo yao, wakasimama kando ya ukuta. Babu Honi akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akamwita, "Kamusi, njoo uone mwenyewe." Marehemu akapiga magoti kando yake. Akaingiza mkono, akapapasa muda mrefu, macho amefumba.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Waende."

Mwanawe, mwokaji mikate, alikuwa ameshafika akikimbia, unga mpaka kwenye viwiko. Akamshika baba yake bega. Marehemu akageuka, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akamwuliza, "We nani?"

Mimi nilishika kinywa changu. Nilitaka kupiga kelele kama mama alivyopiga. Lakini yule kijana akasema, "Mimi mwokaji wa hapa mtaani, mzee. Nimekuja kukusindikiza."

"Nina mwanangu. Mdogo tu, hivi." Akaonyesha kimo cha goti. "Atakuwa ananitafuta."

"Yuko nyumbani, anakusubiri. Twende usimcheleweshe."

Wakaondoka wameshikana mikono.

Miaka mitatu ya mwisho marehemu aliuguzwa nyumbani na mkewe, mabinti zake wakipokezana. Kikao kilihamia sebuleni kwake, watu watatu na gramafoni. Sitawaambia kwamba matarumbeta yalimrudisha, hayakumrudisha. Siku nyingine yalimtisha, akajificha nyuma ya kochi, ikabidi wazime. Siku nyingine alisikiliza ametulia, mkono wa Sista ukiwa juu ya wake. Walikuja siku za namna zote mbili.

Tarehe 15 Novemba mwaka huu alipata homa ya mapafu, akalazwa hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume. Aliaga dunia Jumanne tarehe 19 Novemba 2019, saa nane na robo mchana, akiwa na miaka sitini na minane. Tulikuwapo mkewe, mwanawe na mimi. Nimesikia watu wakisema alilala kama mtoto. Hapana. Aliogopa mpaka mwisho. Alitazama mlango na kuuliza, "Nani yuko pale?" na mkewe akajibu, "Ni mimi," ingawa alikuwa ameketi upande wa pili. Akauliza tena, akajibiwa tena. Wifi alijibu swali hilo zaidi ya mara sitini, kwa sauti ile ile ya kazini, bila kuchoka, na lilipoacha kuulizwa aliendelea kujibu kidogo, mpaka nilipomgusa.

Ndugu zangu, ninamalizia. Mwezi uliopita nilisimama jikoni kwangu, mlango wa kabati uko wazi, nisijue nimefuata nini. Labda ni uzee, labda si kitu. Sikumwambia mtu siku tisa. Siku ya kumi nilimwambia binti mkubwa wa marehemu, naye akaniambia, "Shangazi, na mimi naogopa, na sijawahi kusema." Jumatatu tarehe 2 Desemba, saa tatu asubuhi, tutaingia sote wawili kwa daktari yule yule. Mwokaji amekataa, anasema hataki kujua, na hilo nalo tumeliheshimu. Nimeomba ruhusa ya familia niseme haya hadharani ili, ikiwa mmoja wetu atawauliza ninyi ni nani, mjue namna ya kumjibu.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu: binti mpima ardhi, mwana mwokaji mikate, na binti fundi umeme, wakwe wawili, wajukuu watano, wa mwisho ana miezi minane, mdogo wake mmoja, ndiye mimi, na marafiki watatu wa Kikao cha Jumamosi, ambao familia imeamua waandikwe hapa pamoja na ndugu wa damu.

Pumzika kwa amani, kaka. Hofu isikufuate huko.